Titan Missile Museum, Sahuarita (Arizona): nendeni, ila msiende peke yenu

Mwenye haraka asome hapa tu. Hii ni makumbusho ya kombora la nyuklia la Titan II, limo ndani ya shimo lake chini ya ardhi. Nenda, kata tiketi mapema mtandaoni maana makundi yanayoshuka chini ni madogo, vaa viatu vya kutembelea, na kama magoti yanakusumbua piga simu siku kadhaa kabla uwaeleze, kwa sababu kuna ngazi 55 za kushuka na hizohizo ndo utapanda kurudi. Warefu wanapewa kofia ngumu kuna mabomba ya kugonga kichwa. Nyota 5. Mwenye muda tuendelee maana hii ziara wiki ya tatu sasa haijanitoka kichwani na nimeona niandike kwa Kiswahili, nimetafuta maoni ya Mswahili yeyote kuhusu hapa sikupata.

Mimi nakaa Tucson mwaka wa sita, nafanya usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo Jumamosi ya mapumziko kwangu ni kitu kikubwa. Kila nikienda kusini na I-19 (ile barabara ambayo vibao vyake ni vya kilomita, naipenda kwa hilo tu, nahisi niko Chalinze) naona kibao cha makumbusho ya kombora nakipita. Nilikuwa naona ni mambo ya wapenda madege ya vita. Sasa nina jirani, mzee Mkongomani wa Likasi, mimi namwita Papa kama wanavyoita wenyewe, siku moja akaniambia mama, unipeleke kule kwa bomu. Nikamuuliza Papa unafuata nini kule? Akasema anataka kuona lile jiwe la kwao lilizaa nini. Hapo hapo sikumwelewa, nitawaeleza huko chini.

Ukifika juu hamna kitu. Kweli tena. Uzio, antena, jangwa na mikaktasi, kijengo cha kuingilia, na katikati ya changarawe kuna mfuniko mkubwa wa zege na chuma, wa tani 760 kwa hesabu za kwao, umesimama nusu wazi nusu umefungwa. Ungepita hapo mwaka 1970 ungedhani ni kituo cha kusukuma maji. Na hili lilikuwa moja tu, kuizunguka Tucson peke yake kulikuwa na mashimo 18 ya namna hii, mengine 18 Arkansas na mengine 18 Kansas, jumla makombora 54 ya Titan II, kuanzia 1963 mpaka la mwisho likazimwa 1987. Haya yote yamejazwa vifusi na kuzibwa isipokuwa hili moja lililoachwa ili watu waone. Nawaza mama wa Tucson miaka hiyo anaanika nguo zake, anapeleka watoto shule, na kuzunguka mji wake wamelala hawa 18, na kama kuna mahali adui angepiga kwanza basi ni hapo hapo alipo yeye.

Mnaanza na filamu fupi alafu mnapewa mwongozaji. Wetu alikuwa mzee wa makamo yake, mtaratibu, alituambia ujanani alishawahi kukaa zamu kwenye mashimo haya. Kama mkibahatika kupata mtu wa hivyo mtafaidi mara mbili, maana hasomi karatasi, anakumbuka. Alitueleza askari walivyokuwa wanaingia kazini: unafika getini unapiga simu chini, unapiga tena ukiwa kwenye ngazi, unasoma namba za siri kwenye kikaratasi, alafu kile kikaratasi unakichoma hapo hapo kwenye kopo. Ukikosea hufunguliwi. Kisha yanafuata malango ya chuma, kila lango karibu tani 3, yamewekwa mawili mawili na hayaruhusiwi kuwa wazi kwa pamoja. Na ukishapita hapo hutembei peke yako, kuna sehemu lazima muwe wawili wenye ujuzi, huyu anamwangalia yule na yule anamwangalia huyu. Hakuna mtu, hata awe na cheo gani, anayeruhusiwa kubaki peke yake na kile kitu. Nilipenda hilo, nikasema afadhali kuna mtu alifikiria kwamba binadamu anaweza akaamka vibaya.

Chumba cha kuendeshea kombora kimejengwa kama yai limening'inizwa. Yaani ghorofa tatu nzima, vitanda na jiko juu, mitambo katikati, vifaa vingine chini, zote zinaning'inia kwenye springi 8 kubwa kuliko mtu, ili bomu la adui likipiga karibu jengo litikisike wao waliomo ndani wabaki salama kiasi cha kuweza kujibu. Hapo ndipo nilipoanza kukaa kimya. Springi zile hazikuwekwa ili wale watu wanne waje kuishi baadaye, ziliwekwa ili wapate dakika za kumaliza kazi waliyopangiwa.

Walikuwa wanne kila zamu, masaa 24. Maofisa wawili na mafundi wawili. Kuanzia 1978 walianza kuwepo na wanawake. Wanapika, wanakagua mitambo usiku kucha kwa orodha, wanasikiliza redio. Amri ikija inakuja kwa sauti, msururu wa herufi na tarakimu, maofisa wawili kila mmoja anaandika kivyake, wanalinganisha. Zikifanana wanaenda kwenye sefu nyekundu yenye makufuli mawili, huyu anajua namba za kufuli lake tu na yule lake tu. Ndani ya sefu kuna kadi za kuhakikisha kwamba amri ni ya kweli, na kuna funguo mbili. Na bado, kuna namba nyingine ya kufungulia vali ya injini ambayo kule chini hakuna anayeijua, inakuja ndani ya amri yenyewe. Kwa hiyo hata wanne wote wakipatana kufanya uovu hawawezi. Kwa upande huo nawavulia kofia, walijitahidi kuzuia mtu mmoja asiangamize dunia kwa hasira zake.

Ila upande wa pili wa utaratibu huo huo ni kwamba amri ikishakuwa ya kweli hakuna sehemu iliyowekwa ya mtu kusema ngoja kwanza.

Mwongozaji akauliza nani akae kiti cha kamanda. Watu wakanisukuma mimi, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa mbele natafsiri kwa Papa. Nilitaka kukataa. Papa akasema kaa, mama, tuone. Nikakaa. Mwongozaji mwenyewe akakaa upande wa naibu, mbali, maana vile viti na tundu za ufunguo vimewekwa umbali ambao mtu mmoja hawezi kunyoosha mikono akazungusha zote mbili. Akahesabu, tukazungusha pamoja, na unatakiwa ushikilie hivyo hivyo sekunde 5 bila kuachia. Sekunde 5 ni nyingi jamani. Kisha taa zinaanza kuwaka moja baada ya nyingine, betri zimewaka, mfuniko wa juu unafunguka, mitambo ya kuongoza iko tayari, moto kwenye injini, na sekunde 58 tangu uzungushe ufunguo kombora limeondoka. Kengele inalia kwa nguvu, watoto waliokuwepo walifurahi. Mimi mkono ulikuwa umelowa jasho.

Nikauliza likishaondoka inakuwaje wakigundua wamekosea? Akajibu taratibu kabisa kwamba haliwezi kurudishwa na haliwezi kulipuliwa njiani. Linakwenda zaidi ya kilomita 9,000 na kwa nusu saa hivi limefika.

Kwenye meza ya kamanda kuna vitufe vitatu, shabaha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kombora lilikuwa limeshawekewa sehemu tatu za kupiga na amri inasema namba ngapi, basi unabonyeza. Papa akaniambia mwulize, namba mbili ilikuwa nani? Nikauliza. Mzee akasema hata wao waliokaa pale hawakuwahi kuambiwa. Walijua namba tu. Mpaka leo.

Papa alipopata tafsiri alikaa anaviangalia vile vitufe muda mrefu mpaka kundi likasogea likatuacha.

Hapa sasa niwaambie kuhusu Papa na jiwe. Kilomita 20 hivi kutoka Likasi kuna mgodi unaitwa Shinkolobwe, wa kampuni ya Wabelgiji enzi hizo, Union Minière. Urani ya pale, yaani madini ya kutengenezea bomu la nyuklia, ilikuwa haina mfano duniani, kuna mawe yalikuwa na urani zaidi ya nusu, wakati sehemu nyingine wakipata hata asilimia moja wanashukuru. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, akahamisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo kwa meli mpaka Staten Island, New York, akayahifadhi kwenye ghala. Wamarekani walipoanza mradi wao wa bomu wakamfuata Septemba 1942 wakayakuta yako tayari hapo mjini kwao. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huko. Babake Papa alifanya kazi mgodini miaka hiyo. Papa husema, "Baba alitumikaka mu mugodi, batu balikuwa banabeba mawe na mikono, hakuna mutu alibaambia ni ya nini." Hakuna aliyewaambia. Siyo ya nini wala itawafanya nini wao wenyewe. Kabla ya uhuru wa 1960 mgodi ukazibwa kwa zege, baadaye wachimbaji wadogo wakarudi kuufukua kwa ajili ya kobalti, mwaka 2004 serikali ikaamuru ufungwe na mwaka huohuo ukaporomoka ukaua watu. Watu wanazungumza Kiswahili pale, ndugu zangu. Hili bomu la kwanza lililotupwa juu ya watu lilichimbwa na watu ambao tungesalimiana nao kwa lugha hii hii, na shuleni mimi sikufundishwa hata mstari mmoja.

Lile la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, lilikuwa na nguvu ya kilotoni 15 hivi, yaani kama tani 15,000 za baruti ya TNT. Mpaka mwaka ule unaisha watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wengine siku ile ile, wengine kwa kuungua, wengine kwa mionzi, unamwona mtu mzima kabisa wiki ya pili nywele zinatoka, damu kwenye fizi, anakufa. Kichwa cha bomu kilichokuwa juu ya Titan II kilikuwa cha megatoni 9, yaani kilotoni 9,000. Nilipiga hesabu kwenye simu nikiwa kwenye ngazi kwa sababu niliona nimesikia vibaya. Mara 600. Lile moja lilikuwa Hiroshima 600, na Marekani ilikuwa na haya 54, na haya yalikuwa sehemu ndogo tu ya yote waliyokuwa nayo, na Wasovieti nao walikuwa na yao.

Kutoka kwenye chumba unapita korido ndefu ya nyaya mpaka kwenye shimo lenyewe. Shimo lina kina cha mita 44, kombora urefu wake mita 31, na unaliona kupitia vioo. Ni kubwa kuliko picha zote. Ni zuri pia, nasema kwa uchungu, limetengenezwa na watu waliojua kazi yao, kila msumari uko sawa. Hili la hapa lilikuwa la mafunzo, halikuwahi kutiwa mafuta, na limekatwa tundu puani ili ionekane kwamba ndani hakuna kitu.

Mafuta ndo yanayohitaji kuelezwa. Titan I ya kabla yake ilikuwa inawekwa mafuta dakika za mwisho, inachukua muda, na wakaona muda huo adui atatuwahi. Kwa hiyo Titan II ikatumia vimiminika viwili vinavyoweza kukaa ndani ya kombora miaka, na vikigusana tu vinawaka vyenyewe bila kiberiti. Ndo maana wakapata hizo sekunde 58. Ila maana yake fundi wa zamu alikuwa analala jirani na tani zaidi ya 100 za vitu ambavyo havitakiwi kukutana. Wameweka pale yale mavazi ya mafundi, kama ya wanaanga, yenye hewa yake mgongoni. Usiyapite haraka. Waliokufa kwa ajili ya Titan II wote walikuwa watu wa kwao wenyewe. Mwaka 1965 karibu na Searcy, Arkansas, moto uliwaka ndani ya shimo wakati wa matengenezo ukaua wafanyakazi 53. Kule Damascus, Arkansas hiyo hiyo, Septemba 1980, kijana mmoja wa matengenezo soketi ya spana ilimponyoka, kitu cha kilo tatu na nusu hivi, ikaanguka zaidi ya mita 20 ikadunda ikatoboa tangi la mafuta. Masaa yanakwenda, mvuke unajaa, wakubwa wanabishana kwenye simu nini kifanyike, usiku wa manane shimo likalipuka, ule mfuniko wa mamia ya tani ukaruka kama sahani, na kile kichwa cha megatoni 9 kikatupwa nje kikaenda kuangukia mtaroni. Hakikulipuka, kilitengenezwa kisilipuke hivyo na kwa hilo tushukuru. Mwanajeshi mmoja alifariki na wengine zaidi ya 20 walijeruhiwa. Soketi ya spana! Hakuna adui, hakuna jasusi, ni mkono wa kijana umeteleza. Mimi kazini nimeshadondosha vitu vingi saa tisa usiku, nilimwonea huruma sana yule mtoto wa watu.

Tulipopanda juu mwongozaji akatusimamisha pale kwenye mfuniko akatoa maelezo yake ya mwisho, kwamba haya makombora kazi yake ilikuwa yasirushwe. Ukinipiga hata kama utanimaliza bado nitakumaliza, kwa hiyo hunipigi. Ndo usalama wenyewe. Akasema miaka 24 halikurushwa hata moja kumpiga adui, maana yake yalifanya kazi. Na ule mfuniko umezuiwa usifunguke zaidi ya nusu ili satelaiti za Warusi ziweze kuona kutoka juu kwamba shimo hili haliwezi tena kurusha kitu. Hiyo nusu ni makubaliano, mmoja anamwonyesha mwenzake mkono mtupu. Niliipenda kuliko kitu kingine chochote pale.

Mimi simpuuzi yule mzee. Ni kweli Marekani na Muungano wa Kisovieti hawakupigana uso kwa uso, na aliyekaa kule chini masaa 24 akiacha mke na watoto alikuwa anaamini analinda mamilioni ya watu, ana haki ya kuamini hivyo. Lakini nilimtafsiria Papa yale maneno ya Vita Baridi akaniuliza, "Baridi kwa nani? Kwetu ilikuwaka moto." Na ni kweli. Lumumba aliuawa Katanga Januari 1961, miaka miwili kabla hili shimo halijaanza kazi. Angola walipigana miaka na miaka na silaha za wakubwa wale wale waliokuwa wanaogopana. Walichozuia ni vita vya kwao, na kwa sababu kwao hapakupiganika wakapigania kwa watu wengine. Kwa hiyo mtu akiniambia bomu lilileta amani namwuliza kwanza yeye alikuwa anakaa wapi.

Pia huo mpango unahitaji kwamba kila mtu na kila mashine isikosee, milele. Niliporudi nyumbani nilisoma mpaka asubuhi. Novemba 1979 mkanda wa mazoezi uliingizwa kwenye kompyuta za ulinzi za Marekani zikaonyesha makombora ya Wasovieti yanakuja kwa wingi. Juni 1980 ikatokea tena, safari hii kisa ni kidude cha kompyuta cha senti 46 kimeharibika. Septemba 1983 upande wa pili, satelaiti za Kisovieti zikamwambia ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, kwamba Marekani imerusha makombora matano. Yeye akaona haiingii akilini, mtu gani anaanza vita vya kumaliza dunia na makombora matano, akaripoti kwamba mashine imekosea. Ilikuwa ni mwanga wa jua kwenye mawingu. Usiku huo Titan II bado zilikuwa zamu Arkansas na Kansas, watu wanne wanne chini ya ardhi, wanasubiri sauti ya redio. Petrov alitumia kichwa chake. Kwenye kiti nilichokaa mimi kutumia kichwa chako halikuwa sehemu ya kazi.

Na msidhani ni historia. Marekani bado ina makombora 400 hivi ya Minuteman III kwenye mashimo kule Montana, North Dakota, Wyoming, Nebraska na Colorado, na leo leo kuna vijana wako chini na funguo. Nchi 9 zinazo silaha za nyuklia, vichwa kama 12,000 dunia nzima, vingi mno vikiwa vya Urusi na Marekani. Sisi Afrika tulikubaliana tofauti, Mkataba wa Pelindaba ulisainiwa Cairo 1996 ukaanza kutumika 2009, bara zima lisiwe na silaha hizi, na Afrika Kusini iliyokuwa imetengeneza mabomu 6 iliyavunja yote kwa hiari yake. Nilimweleza mwongozaji wetu hilo, mabomu 6 na kuyavunja, akaniambia analifahamu na analiheshimu. Tukapeana mkono.

Sasa mambo ya huduma kwa ufupi. Kundi letu maelezo yalikuwa Kiingereza tupu, kama unaenda na mzee au mgeni panga mtu wa kumtafsiria na mkae nyuma msisumbue wengine. Ziara ya kawaida ni kama dakika 45 kule chini na kuna ziara ndefu zaidi za siku maalum zinazoshuka mpaka chini kabisa ya shimo, hiyo nitarudia. Bei zinabadilika angalieni wenyewe ila mimi niliona pesa yangu imefanya kazi. Picha ruksa. Kiangazi kule juu jua ni kali bebeni maji, chini kuna ubaridi mzuri. Wenye leseni ya redio za kuongea na dunia wanaruhusiwa kuunganisha redio zao kwenye antena kubwa ya zamani iliyopo pale juu, tulimkuta mmoja kakaa na kiti chake anaongea na mtu wa mbali huko, antena iliyojengwa kwa ajili ya amri ile moja sasa watu wanasalimiana nayo. Watoto wa darasa la tano kwenda juu wataelewa, wadogo sana wataogopa kengele. Duka lina vitu vya kawaida, vikombe, fulana, Papa hakununua kitu.

Njiani hatukuongea mpaka tumefika karibu na San Xavier. Ndo akasema angependa siku moja kule Shinkolobwe nako wajenge nyumba ndogo tu, yenye majina ya waliobeba yale mawe. Nimeahidi kumwandikia barua kwa Kifaransa aipeleke kwa watu wa kwao, natafuta mwenye Kifaransa kizuri anisaidie, kama uko Tucson au Phoenix nijibu hapa chini.

Na ukienda ukachaguliwa kukaa kile kiti usikatae kama nilivyotaka kukataa mimi. Kaa, zungusha, na zile sekunde 5 zihesabu kwa sauti.